Mabadiliko yanayobaki baada ya seva kuzimwa na kuwashwa

Mtu anayeanza kujifunza usimamizi wa seva za Linux hukutana kwanza na wingi wa amri, na wengi huziandika kwenye daftari moja baada ya nyingine wakiamini kwamba siku watakapozikariri zote watakuwa wasimamizi. Mimi nimejifunza Red Hat Enterprise Linux, ambayo humu nitaiita RHEL kama tunavyoiita kazini, huku nikihudumu katika kitengo cha TEHAMA jijini Dar es Salaam, na ninaamini kwa dhati kwamba kuna jambo moja linalopaswa kufundishwa kabla ya amri yoyote. Badiliko unalolifanya kwenye seva huweza kukaa mahali pawili: katika mfumo unaoendelea kufanya kazi wakati huo, au katika faili za usanidi ambazo mfumo huzisoma unapowaka. La kwanza hupotea seva ikizimwa, la pili hubaki. Anayelielewa hilo huziona amri nyingi zikijipanga zenyewe jozi kwa jozi, na mzigo wa kukariri unapungua sana.

Kwetu hili ni jambo la kila wiki. Umeme hukatika, jenereta huchelewa kuwaka, betri za UPS huisha chaji, na seva ambayo haijazimwa kwa miezi mingi huwaka upya usiku wa manane pasipo mtu ofisini. Niliwahi kuitwa katika ofisi moja asubuhi, baada ya usiku wa namna hiyo. Seva ilikuwa imewaka vizuri, inajibu ping (ujumbe wa kupima kama iko hewani), diski zote nzima, lakini mfumo wa kupokelea malipo haukufunguka, kwa sababu huduma ya hifadhidata ilikuwa imeanzishwa kwa mkono na fundi ambaye alikwisha kuhama, na tangu hapo hakuna aliyeiagiza ijianzishe yenyewe. Wateja walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi. Ilihitajika amri moja tu, na ingekuwa imeandikwa siku ile ya kwanza, hakuna ambaye angejua kwamba usiku ule umeme ulikatika.

Amri hiyo ni `systemctl enable`. Tangu RHEL 7, iliyotolewa mwaka 2014, huduma zinasimamiwa na systemd, programu inayoanza mara tu baada ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, na kubeba namba 1 katika orodha ya michakato. Ukiandika `systemctl start mariadb`, hifadhidata inaanza papo hapo, na hakuna faili ya usanidi iliyoguswa. Ukiandika `systemctl enable mariadb`, hakuna kinachoanza, ila systemd inaweka kiungo ndani ya saraka ya `/etc/systemd/system/multi-user.target.wants`, na kila seva inapowaka hadi kufikia hatua ya multi-user, huduma zenye kiungo humo huanzishwa. Namshauri kila mwanafunzi aingie katika saraka hiyo na kuandika `ls -l`, ajionee kwamba kuwezesha huduma ni kuweka kiungo kidogo kinachoelekeza kwenye faili nyingine, na kuiondolea uwezo huo ni kukifuta kiungo. Ukitaka yote mawili kwa pamoja unaandika `systemctl enable --now`. Vivyo hivyo `systemctl is-active` na `systemctl is-enabled` ni maswali mawili tofauti, na jibu zuri la swali moja halikuambii lolote kuhusu jingine.

Ukishaizoea jozi hii, utazitambua nyingine kwa haraka. `firewall-cmd --add-service=http`, amri ya firewalld, yaani ukuta wa moto wa seva, huruhusu wageni wa tovuti kuingia mara moja, lakini usipoongeza `--permanent` na kisha kuandika `--reload`, ruhusa hiyo itatoweka firewalld itakapoanza upya. `ip addr add` huipa kadi ya mtandao anwani ya kutumika hadi seva izimwe, wakati `nmcli connection modify` huiandika anwani kwenye faili, ambayo katika RHEL 9 hukaa ndani ya `/etc/NetworkManager/system-connections`, na haianzi kutumika mpaka uandike `nmcli connection up`. `sysctl -w` hubadilisha kigezo cha kerneli kwa sasa. Faili iliyowekwa ndani ya `/etc/sysctl.d` hukirudisha kila seva inapowaka. Tazama kwamba mwelekeo haufanani: firewalld hugusa hali ya sasa kwanza, nmcli hugusa faili kwanza. Ndiyo sababu ni lazima kwa kila chombo kipya kuuliza kinaandika wapi.

Niseme kidogo kuhusu mahali pa kufanyia mazoezi, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapokata tamaa kabla ya kuanza. RHEL ni bidhaa ya kulipiwa, lakini tangu mwaka 2021 Red Hat humruhusu mtu binafsi kujiandikisha kama msanidi programu na kuitumia bila malipo kwenye mifumo isiyozidi 16. Asiyetaka kujiandikisha ana AlmaLinux na Rocky Linux, ambazo zilizaliwa baada ya Red Hat kutangaza, Desemba 2020, kwamba CentOS Linux 8, nakala ya bure ya RHEL, ingekoma mwishoni mwa mwaka 2021. Rocky ilianzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa walioianzisha CentOS yenyewe. Kwa mazoezi ya msingi ninayoyazungumzia humu, amri ni zilezile. Ninachosihi ni kwamba mtu asijifunzie CentOS 7 kwa sababu tu ndiyo aliyoikuta ofisini. Masasisho yake ya usalama yalikoma tarehe 30 Juni 2024, na seva zake ambazo bado nazikuta zikihudumia wananchi zinanisikitisha sana.

Kompyuta ya mkononi yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha kuendesha mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta yako, kila moja ikipewa GB 2 na diski ya GB 20, pamoja na diski ndogo za ziada za kuchezea. Kwa wanaotumia kompyuta za mtumba, kuna jambo la kuangalia mapema. RHEL 10, iliyotoka Mei 2025, inahitaji prosesa ya kiwango cha x86-64-v3, ambacho kwa upande wa Intel kilianza na kizazi cha Haswell mwaka 2013. Kompyuta ya zamani kuliko hapo, mradi ifikie kiwango cha v2, itakubali RHEL 9, au toleo maalumu la AlmaLinux 10 lililotengenezwa kwa ajili ya kiwango hicho. Na kwa wanaohesabu bando, pakua ile diski nzima ya usakinishaji mara moja tu, hata kama itakula usiku mzima, kisha uipachike ndani ya mashine pepe kwenye saraka kama `/repo` na uandike katika `/etc/yum.repos.d` faili inayoelekeza `baseurl` kwenye `file:///repo/BaseOS` na nyingine kwenye `file:///repo/AppStream`. Kuanzia hapo `dnf install`, amri ya kusakinisha programu, inafanya kazi bila intaneti kabisa, na utakuwa umejifunza jinsi hazina za vifurushi zinavyoundwa.

Zoezi la kwanza ninalompa mtu baada ya huduma ni diski, kwa sababu hapo matokeo ya kutoelewa ni makubwa kuliko mahali pengine pote. Tuseme umeongeza diski ya pili, `/dev/sdb`. Kwa kutumia LVM, njia ya Linux ya kugawa diski katika sehemu zinazoweza kuongezwa baadaye, unaiandaa kwa `pvcreate`, unaiweka katika kundi kwa `vgcreate vg_data /dev/sdb`, unakata sehemu kwa `lvcreate -n lv_data -L 5G vg_data`, unaiwekea mfumo wa faili kwa `mkfs.xfs`, kisha unaipachika kwa `mount` kwenye saraka ya `/data`. Kila kitu kinaonekana kimekamilika, na `df -h` inakuonyesha nafasi mpya. Seva ikizimwa na kuwashwa, `/data` itakuwa saraka tupu. Mbaya zaidi ni kwamba programu inayoandika humo haitalalamika. Itaandika kwenye diski ya mfumo wenyewe mpaka ijae.

Dawa ni mstari mmoja katika faili ya `/etc/fstab`, na mstari huo unastahili kusomwa kwa utulivu. Una safu sita. Ya kwanza ni utambulisho wa diski. Kwa sehemu iliyokatwa kwa njia hii unaweza kutumia jina lake, `/dev/vg_data/lv_data`, lakini kwa sehemu ya kawaida ya diski ni heri kutumia UUID, namba ya kipekee ya utambulisho inayotolewa na amri ya `blkid`, kwa kuwa jina kama `/dev/sdb1` linaweza kuhama diski zikipangwa upya. Ya pili ni saraka ya kupachikia, ya tatu ni aina ya mfumo wa faili, ya nne ni masharti, na mbili za mwisho, ambazo kwa XFS huandikwa sifuri zote mbili, zinahusu chombo cha zamani cha kunakili data na mpangilio wa kukagua diski wakati wa kuwaka. Ukikosea herufi moja katika safu ya kwanza au ya tatu, mfumo utaisubiri diski isiyokuwepo au utashindwa kuipachika, kisha utaingia katika hali ya dharura na kuomba nywila ya root, yaani msimamizi mkuu, na kama seva iko Dodoma na wewe uko Dar es Salaam, hutaweza kuifikia kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao. Kwa hiyo, kila baada ya kuhariri fstab, andika `findmnt --verify`, ambayo huisoma faili na kutaja kasoro zake, kisha `umount /data` na `mount -a`, ambayo hupachika kila kilichoandikwa kana kwamba seva inawaka. Diski ambayo mfumo unaweza kuishi bila yake iongezee neno `nofail` katika safu ya nne. Hata hivyo kumbuka kwamba neno hilo linairudisha ile hatari ya programu kuandika mahali pasipo pake, kwa hiyo sipendi kuliona kwenye diski ya hifadhidata.

Faida ya kukata diski kwa njia ya LVM huonekana siku nafasi inapokwisha. `lvextend -r -L +2G /dev/vg_data/lv_data` huongeza sehemu pamoja na mfumo wa faili uliomo, huku watu wakiendelea na kazi. Kupunguza ni habari nyingine, maana XFS, ambayo imekuwa chaguo la msingi tangu RHEL 7, haipunguziki. Anza na kidogo, uongeze kwa kadiri ya mahitaji.

Sasa nifike kwenye SELinux, ambayo ninaitetea popote ninapopata nafasi. Ilianzia katika Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, lililoitoa hadharani Desemba 2000, na baadaye ikaingizwa katika kerneli yenyewe. Kazi yake ni kuuliza swali ambalo ruhusa za kawaida za faili haziulizi: je, programu hii, hata kama mwenye faili ameiruhusu, ina sababu ya kugusa faili ya aina hii? Kila mchakato na kila faili ina lebo, na sera husema lebo ipi inaweza kuifikia ipi. Mwongozo mwingi unaozagaa hukuambia uandike `setenforce 0` ukikwama, na watu hufanya hivyo, tovuti ikafunguka, wakashukuru. Badiliko hilo ni la sasa tu, kwa hiyo umeme ukikatika tatizo linarudi lilivyokuwa. Na wale wanaokwenda mbele zaidi kuizima kupitia `/etc/selinux/config` wanaiondolea seva kinga hiyo moja kwa moja.

Chukua mfano unaowapata karibu wote. Umeandika ukurasa wa tovuti ukiwa katika saraka yako ya nyumbani, kisha ukauhamisha kwa `mv` kwenda `/var/www/html`. Ruhusa ni 644, yaani yeyote anaweza kuisoma, mwenye faili ni sahihi, Apache, programu inayotoa kurasa za tovuti, inafanya kazi, lakini kivinjari kinaonyesha kosa la 403, yaani umekatazwa. Andika `ls -Z` na utaona lebo ya `user_home_t` badala ya `httpd_sys_content_t`, kwa sababu `mv` huihamisha faili pamoja na lebo yake, ilhali `cp` hutengeneza faili mpya inayorithi lebo ya mahali inapofikia. `ausearch -m AVC -ts recent` itakuonyesha katazo lenyewe, likitaja mchakato, faili na lebo zote mbili. `restorecon -v` kwenye faili hiyo inamaliza tatizo.

Ugumu huja pale unapotaka tovuti ikae mahali ambapo sera haipajui, tuseme `/tovuti`. Ziko njia mbili. `chcon` hubandika lebo moja kwa moja kwenye faili, na kwa kuwa lebo huandikwa diskini, itabaki hata seva ikizimwa na kuwashwa. Hapa ndipo wengi hudhani wamemaliza. Lakini siku mtu atakapopitisha `restorecon`, au mfumo mzima utakapowekewa lebo upya, sera itaangalia kitabu chake, haitaiona `/tovuti`, na itairudisha lebo ya awali. Njia inayodumu ni kuiandika kanuni kwanza, `semanage fcontext -a -t httpd_sys_content_t "/tovuti(/.*)?"`, kisha kuitekeleza kwa `restorecon -Rv /tovuti`. Swichi za sera zina jozi hiyohiyo: `setsebool httpd_can_network_connect on` ni ya sasa, na ikiongezewa `-P` ni ya kudumu. Nimechukua nafasi kubwa hapa kwa makusudi, kwa sababu mfano wa `chcon` unaonyesha kwamba kuvuka kuzimwa kwa seva ni kipimo cha chini tu. Badiliko lililokamilika ni lile linaloandikwa mahali ambapo mfumo wenyewe huenda kutafuta ukweli.

Watumiaji na makundi yao hawana ugumu huo, kwani `useradd` na `usermod` huandika faili moja kwa moja. Tahadhari ni moja: ukimwingiza mtu katika kundi la `wheel` ili aweze kutumia `sudo`, yaani kutekeleza amri kwa mamlaka ya root, andika `usermod -aG`, maana ukiiacha ile `a` utamtoa katika makundi yake mengine ya ziada yote.

Hata kumbukumbu za matukio huangukia katika mgawanyo huu, na hili lilinishangaza nilipolijua. Katika RHEL 9, jarida la systemd kwa mpangilio wa kawaida huhifadhiwa chini ya `/run`, yaani kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo umeme ukikatika jarida la kabla ya hapo linatoweka, ingawa rsyslog, huduma nyingine ya kumbukumbu za matukio, bado huwa imeandika mengi katika `/var/log/messages`. Weka `Storage=persistent` katika `/etc/systemd/journald.conf` na uianze upya `systemd-journald`, na kuanzia hapo `journalctl -b -1` itakusomea yaliyotokea kabla seva haijazimika. Sambamba na hilo weka saa sawa: `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, na uhakikishe `chronyd`, huduma inayosawazisha saa kupitia mtandao, imewezeshwa. Mwenzako akikupigia simu kwamba mfumo ulikwama saa nne kasoro robo asubuhi, unaandika `journalctl --since 09:45`, ukiwa na uhakika kwamba saa ya seva na saa ya ukutani kwake ni moja.

Wanaotaka cheti hukutana na mtihani wa EX200, unaotoa cheti cha RHCSA, yaani cha msimamizi wa mifumo aliyeidhinishwa na Red Hat. Hauna maswali ya kuchagua; unapewa mifumo na orodha ya kazi, hakuna intaneti, unahitaji alama 210 kati ya 300, na kila ulichosanidi lazima kibaki baada ya mfumo kuwashwa upya. Naupenda mtihani huo kwa sharti hilo la mwisho. Kwa kuwa kurasa za mwongozo zilizomo ndani ya mfumo zinaruhusiwa, jizoeze kuzitafuta kwa `man -k`, na usome sehemu za mifano katika `man semanage-fcontext` na `man nmcli-examples`, ambazo zina amri nzima nzima zilizo tayari kubadilishwa kidogo na kutumika.

Kila ninapomaliza zoezi, naandika matokeo ya `systemctl list-unit-files --state=enabled`, `findmnt`, `getenforce`, `firewall-cmd --list-all` na `ss -tln` kwenye faili moja, nawasha mashine upya, naandika faili ya pili kwa amri zilezile, kisha nazilinganisha kwa `diff`. Mstari wowote unaotofautiana una sababu, na naitafuta. Katika seva za kazi nafanya vivyo hivyo kabla ya kuikabidhi seva mpya kwa watumiaji, na tena kila kerneli inaposasishwa, nikiomba muda maalumu wa usiku na kuwapa taarifa wahusika wote mapema. `dnf` hubakiza kerneli tatu, kwa hiyo mpya ikikataa kuwaka, unaichagua ya awali katika menyu ya kuwakia, seva inaendelea na kazi, na uchunguzi unafanyika mchana kwa utulivu.